Tarumbeta la Ng'ambo ya Ziwa

Redio ya baba bado inanuka pumba. Mama alinishushia kutoka juu ya kabati nilipokwenda nyumbani juzi, imefungwa kwa kitenge kilichopauka, akasema, "Chukua, wewe ndiye mtu wa miziki." Nilipobonyeza kitufe cha kufungulia mlango wa kaseti, vumbi jeupe lilidondoka kwenye mapaja yangu na ile harufu ya mahindi yaliyotoka kukobolewa ikanijaa puani. Nikaufunga haraka, kama mtu aliyesukuma mlango wa choo akakuta kuna mtu ndani.

Nina kundi la marafiki kwenye simu, wote wa rika langu, wote wagonjwa wa muziki. Kila Ijumaa mmoja wetu huuliza: "Wiki hii mnasikiliza nini?" Wenzangu hujibu kabla chai yao haijapoa. Huyu kaokota singeli, yule karudi kwenye zilipendwa za baba yake, mwingine kapata kwaya ya Usharika fulani na anaapa hatasikiliza kitu kingine mpaka Krismasi. Mimi huandika, nafuta, narudi kuusikiliza wimbo mpaka mwisho, naandika tena, nafuta. Wamenipa jina la Mkaguzi. "Mkaguzi bado yuko kazini," wanasema, na vile vikatuni vya kucheka machozi. Hawajui kwamba siwezi kumwambia mtu lolote kuhusu wimbo ambao sijausikia hadi pumzi yake ya mwisho. Sijawahi kuwaeleza kwa nini. Mimi sikusomea kuandika, nimejifundisha mwenyewe kwa kusoma vya watu, kwa hiyo wanivumilie nikizunguka.

Baba aliendesha mashine ya kusaga nafaka, barabara ya kwenda Bonga. Babati ndiyo kwanza ilikuwa imefanywa makao makuu ya mkoa, na neno mkoa lilikuwa mdomoni mwa kila mtu: gari la mkoa limepita, nyumba ile imepangwa na mtu wa mkoa, kiwanja kile kimechukuliwa na mkoa. Mimi nilidhani Mkoa ni mzee mmoja mnene ambaye bado hajashuka kwenye basi. Nilichojua kwa hakika ni kwamba wageni wake walipenda sembe, maana mashine ya baba haikunyamaza tena. Ilinguruma tukienda shule, ikanguruma tukirudi, na baba aliingia nyumbani mweupe mpaka kope.

Nyumbani kwetu tulipiga kelele. Mama alipiga kelele kuomba kiberiti, kaka yangu alipiga kelele kusema shikamoo, na baba alijibu kwa kelele au hakujibu kabisa. Sikuona ajabu. Niliamini kila kazi ina sauti yake ya nyumbani: watoto wa mchungaji huongea taratibu, watoto wa mashine hupaza. Siku moja nilikula chakula cha mchana kwa rafiki yangu Zuhura. Nikaomba chumvi, mama yake akashika kifua. "Mwanangu," akasema, "nani anakufukuza?"

Baba yake Zuhura alikuwa na duka la khanga, vyombo na mawe ya redio, yaani betri, karibu na stendi. Kwenye kibaraza cha duka hilo, kila Jumapili alasiri, walikutana watu wazima wanne. Baba Zuhura mwenyewe, mtu wa taarabu. Mwalimu Tluway, mstaafu, mtu wa kwaya. Baba yangu, mtu wa kila kitu chenye gitaa. Na mgeni wao, afisa mmoja kijana aliyeletwa na mkoa mpya, ambaye alikuja na sanduku zima la kanda za dansi na akaingizwa kwenye baraza kwa heshima ya sanduku hilo. Hakuna aliyemwita kwa jina. Walimwita Bwana Mkoa, na mimi nilisikitika kidogo kuona kwamba hakuwa mnene.

Waliazimana kanda. Jumapili unaondoka na kanda ya mwenzako, unakaa nayo wiki nzima, na Jumapili inayofuata unaketi kwenye kreti la soda na kueleza ulichosikia. Sheria ilikuwa moja: kwanza useme, ndipo tusikilize. Umeme ulikuwa wa kubahatisha na mawe ya redio yalitoka kwenye rafu ya kuuzia, kwa hiyo kila mtu alichezewa wimbo mmoja tu, ule aliousifia. Zilizobaki mlizisikia kwa mdomo wa msemaji. Ndiyo maana kusema vizuri kulikuwa kitu kikubwa. Mwalimu alisimulia wimbo kama anayesahihisha insha. Baba Zuhura, hata umpe wimbo wa harusi, angeumaliza kwa ugomvi wa wake wenza. Lakini baba yangu, Mwiraqw wa Dareda aliyekijulia Kiswahili darasani, alisema polepole, akilitafuta neno kama anayepapasa ufunguo gizani, na akilipata watu walicheka kwa raha. "Hapa gitaa linatembea kama ndama wa juzi," angesema. "Linakwenda, lakini miguu bado haina hakika."

"Baba Paska," Baba Zuhura alimwambia siku moja, "wewe ukisema, mimi naona nibaki na mawe yangu. Ya nini kuyamaliza?"

Paska ndiye mimi. Nilikaa kwenye ngazi ya kibaraza na mfuko wa plastiki wa kubebea kanda, na nilijisikia kama mtu aliyeshika mfuko wa sadaka.

Kwa sababu maneno yale mengi yalikuwa yangu. Kila Jumamosi baba alirudi mapema kidogo, akaiweka redio juu ya kigoda uani, akaketi upande mmoja, mimi upande wa pili. Akaweka kiganja chake cha kulia juu ya spika, akanitazama usoni na kuuliza, "Inaanzaje?"

"Gitaa, baba!"

"Moja?"

"Mawili! Moja nene, moja jembamba!"

"Jembamba linafanya nini?"

Nilidhani ni mtihani. Niliamini kwamba baba, mtu anayezijua nyimbo kuliko wote pale kibarazani, tayari alikuwa na majibu, na ananipima kama mwalimu. Mimi nilikuwa mtoto wa kupata vyote. Nikikosa jibu moja shuleni nilikosa hamu ya kula. Kwa hiyo nilisikiliza kwa mwili mzima, nikatafuta maneno mapya ili nisirudie ya wiki iliyopita. Ndama wa juzi alikuwa wangu. Baba alipomtoa hadharani nilijua nimepasi.

Na kile kiganja juu ya spika? Nilikuwa nimemwona akiweka kiganja vilevile juu ya mota ya mashine, kusikia kama beringi imepata moto. Nikadhani anahofia redio isiungue.

Jumamosi ninayoiandika, tulikuwa na kanda ya Bwana Mkoa, nyeusi, haina karatasi ya majina. Ndani yake kulikuwa na wimbo mmoja mrefu wa dansi ambao tangu mwanzo nilijua ndio huu. Nilimweleza baba kila kilichoingia na kila kilichotoka. Alikuwa anatikisa kichwa, anacheka, ananiambia "Ehe, ehe." Halafu, kabla wimbo haujafika mwisho, waimbaji wakaanza kuongea kama ng'ombe. Sauti zikawa nzito, zikavutika, zikazama. Mawe yalikuwa yamekufa.

Nyinyi wa rika langu mnajua la kufanya: unayang'ata kidogo, unayaanika kwenye jua, unaomba Mungu. Lakini wingu lilikuwa limekaa juu ya Mlima Kwaraa tangu asubuhi, na baba alikuwa ananitazama.

"Mwisho wake?" akauliza.

Ningeweza kusema mawe yamekwisha. Ni maneno mawili. Lakini mtihani wenye swali moja tupu, kwangu mimi, ulikuwa mtihani uliofeliwa wote. Nikafungua mdomo.

"Mwishoni vyombo vyote vinanyamaza, baba! Linabaki tarumbeta peke yake! Kama mtu anayeita ng'ombe waliobaki ng'ambo ya ziwa!"

Baba aliutoa mkono kwenye spika. Akautazama, akaufuta unga kwenye suruali, akaurudisha.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Halafu?"

"Ng'ombe hawaji," nikasema. Hata leo sijui nililitoa wapi. Baba alifumba macho. Nami nikabonyeza redio, kama nilivyofanya kila wimbo unapokwisha, na mlango wa kaseti ukaruka juu.

Kesho yake kibarazani aliusema wimbo ule kuliko alivyowahi kusema wimbo wowote. Hakuharakisha. Alipofika ng'ambo ya ziwa hata mteja aliyekuja kununua sufuria alikaa kwenye ngazi pembeni yangu. "Ng'ombe hawaji," baba akamaliza, na Mwalimu Tluway akavua miwani.

"Kanda hiyo ninayo tangu chuoni," alisema Bwana Mkoa, "na sijawahi kusikia tarumbeta."

"Basi una masikio ya ofisini," Baba Zuhura akamjibu. "Yanasikia mshahara tu. Tuuweke?"

"Tuuweke, bwana, tuuweke!" wakasema wote.

Mimi nikaanza kuomba umeme ukatike. Redio ilikuwa inatumia mawe. Mapya, kutoka kwenye rafu.

Wimbo ukaenda. Gitaa nene, gitaa jembamba, kila kitu mahali nilipokiweka. Baba alikuwa ameegemeza kiganja kwenye kreti lililobeba redio, uso wake ukielekea upande wa ziwa. Kisha wimbo ukafika kule ambako sikuwahi kufika. Vyombo havikunyamaza. Vilipungua tu vyote kwa pamoja, vikapungua, kama lori la Dodoma linaloishilia, mpaka ikabaki kanda tupu ikipumua.

Ndipo baba akainua kidole.

"Hilo!" akasema, anatabasamu. "Lisikieni hilo!"

Palikuwa kimya. Bwana Mkoa akacheka, si kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyeshinda bao. "Lipi, mzee? Wimbo umeshakwisha!"

Kidole cha baba kikabaki juu.

"Baba Paska," Mwalimu akaita. Halafu tena, "Baba Paska!"

Baba Zuhura akanyoosha mkono akaizima redio. Kidole cha baba bado kilikuwa juu, na uso wake bado ulikuwa unasikiliza.

Nadhani mtoto huelewa mambo kama sufuria zinavyoanguka kabatini, moja ikianguka zote zinafuata. Kelele za nyumbani. Kiganja. "Inaanzaje?" Baba hakuwa ananipima. Baba alikuwa ananiuliza.

Baba Zuhura alimgusa goti. Akamwinamia, akamwambia kwa sauti ileile tuliyotumia sisi nyumbani, "Tarumbeta zuri sana, Baba Paska!" Mwalimu akadakia, "Sana!" Bwana Mkoa akatazama viatu vyake. Baba aliwaangalia mmoja mmoja midomo, polepole, kisha akaniangalia mimi kwenye ngazi. Akakishusha kidole.

Njiani alinishika mkono kuvuka barabara, kama siku zote. Tulipokuwa upande wa pili akasimama.

"Lilikuwepo?"

Nikatikisa kichwa kukataa.

"Sawa," akasema. Tukaenda. Nilitamani anichape. Mtoto aliyechapwa huwa amemaliza.

Katikati ya wiki Baba Zuhura aliniita nikipita kutoka shule.

"Paska, hebu njoo."

"Shikamoo."

"Marahaba. Mpelekee baba yako hii." Alinipa kanda, moja ya zile zake za taarabu alizokuwa haziazimishi mtu, na mawe mapya, bado yana karatasi. "Mwambie kreti lake lipo palepale. Jumapili tunamsubiri." Akateremsha sauti. "Na wewe msikilizie vizuri, eh?"

Leo najua alichokuwa ananiambia. Alikuwa ananiambia kwamba wamejua, na kwamba haidhuru, na kwamba baba ana masikio na masikio hayo ni mimi. Wakati ule nilisikia kitu kimoja tu: usikosee tena.

Jumamosi ikafika. Baba akaiweka redio kwenye kigoda, akatia mawe ya Baba Zuhura, akaweka kiganja. Mimi nikabonyeza. Udi ukaanza, na fidla, na mwanamke mwenye sauti ya kukwaruza kidogo. Nilisikia kila kitu. Sijawahi kusikia kanda safi vile.

"Imeanza?" baba akauliza.

Hakuwahi kuuliza hivyo kabla. Lilinipita.

"Sijui," nikasema.

"Hujui kama imeanza?"

"Sijui, baba."

Alingoja. Yule mwanamke aliimba ubeti mzima. "Inaanzaje, mwanangu?"

"Sijui."

Niliona kwamba ukisema hujui, huwezi kukosea. Niliona nimepata mahali pa kujificha ambapo hakuna atakayenicheka, na nilikaa humo upande wote wa kwanza wa kanda, wakati baba yangu anautazama mdomo wangu. Kitufe kiliporuka chenyewe akakisikia kidoleni. Akaitoa kanda, akaikaza utepe kwa kalamu, taratibu, kama unavyomfunga mtoto wa mtu shuka, akaitia kwenye mfuko wa plastiki na kunipa.

Jumapili alikwenda kufungua mashine. Niliirudisha kanda peke yangu. "Hakuja?" Baba Zuhura aliuliza, anatazama nyuma yangu barabarani. "Ana kazi," nikasema. Kreti lake lilikuwa pale, limetandikwa gunia. Wiki chache baadaye Mwalimu alipumzishia miguu juu yake.

Sasa nimekuwa mtu mzima na masikio yangu ni mazima kupita kiasi. Nasikia kosa la mpiga besi ambalo mpiga besi mwenyewe hakulisikia. Wenzangu wa kundi la Ijumaa wananisifia kwa hilo, na kila wakinisifia nakumbuka gunia juu ya kreti.

Juzi basi, nikiwa na ile redio mapajani na vumbi lake kwenye sketi, nilitoka uani. Wazee wangu wamehamia Sigino, baba anachambua maharage siku hizi na kugombana na kuku. Nikaketi mbele yake ili anione midomo.

"Baba, siku ile mawe yaliisha. Sikusikia mwisho. Nilitunga."

"Nani katunga?"

"Mimi! Lile tarumbeta! Mawe yaliisha!"

"Mawe gani?"

Kuungama kwa mtu asiyesikia hakuna siri. Ilibidi nilipige kelele kosa langu mpaka jirani akasimamisha jembe kwenye ua wa pili. "MAWE YA REDIO, BABA! YALIISHA! IKANYAMAZA! NIKAKUDANGANYA!"

Safari hii alielewa. Niliona, kwa sababu aliweka ungo chini. Nilitegemea anicheke au anisamehe, nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili. Yeye aliugeuza mkono wake wa kulia, akautazama kiganja.

"Kumbe ulikuwa mzima," akasema.

Sikuelewa. Akanieleza bila haraka, akitafuta maneno kama zamani. Siku ile mkono wake ulisikia kimya. Aliufuta unga, akajaribu tena, kimya. Nami nilikuwa nasema tarumbeta. Basi akajua kwamba na mkono nao sasa umekwenda, kama masikio yalivyokwenda. Kibarazani alipokisikia kimya kilekile mwisho wa wimbo, akadhani ndipo tarumbeta linapolia. Na hata nilipokiri njiani kwamba halikuwepo, alibaki anaamini kwamba Jumamosi wimbo ulikuwa bado unakwenda na mkono haukusikia kitu. Baada ya hapo hakuuamini tena.

"Hata kwenye mashine," akasema. "Beringi iliungua. Niliweka mkono, nikajiambia, huu haujui kitu."

Nimeandika sentensi zote zilizotangulia na kuzifuta mara nyingi. Hii ya baba sikuigusa. Miaka yote nilijilaumu kwa kumwaibisha mbele ya rafiki zake. Sikujua kwamba nilikuwa nimemnyang'anya na mkono.

Nilikuwa na spika yangu ndogo ya simu kwenye mkoba. Niliiweka juu ya kigoda, nikachukua mkono wake na kuuweka juu. Nikachagua wimbo ule ambao wiki nzima nilikuwa nimeshindwa kuwaandikia wenzangu.

"Imeanza!" nikamwambia.

"Najua," akasema baba.

Nikamweleza. Kinanda, ngoma, kijana mwenye sauti ya mtu aliyetoka kuamka. Alitikisa kichwa, akaniambia ehe, ehe. Mara moja alinisahihisha, akasema ngoma ni mbili, nikasikiliza, kweli zilikuwa mbili. Wimbo ukaisha. Mkono wake ulikuwa unajua umeisha, lakini aliuliza.

"Mwisho wake?"

"Unakatika tu, baba! Hakuna kitu!"

"Hakuna tarumbeta."

"Hakuna!"

Aliwaza kidogo. Kuku alikuwa amefika kwenye ungo na hakumfukuza.

"Basi liweke wewe," akasema.

Nikafungua mdomo, mimi Mkaguzi. Mkono wake ulikuwa bado juu ya spika iliyonyamaza, na macho yake kwenye midomo yangu, akisubiri.